Bushi isiyoomba grisi: historia fupi ya plastiki ndani ya tingatinga

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu na tarakilishi. Leo nitawapeleka mbali kidogo, kwenye matope na vyuma. Nivumilieni tu, maana njiani tutapita nyumbani kwetu pia.

Kisa kinamhusu mjomba wangu. Yeye ni opareta wa eskaveta, lile tingatinga la kuchimba lenye mkono mrefu na ndoo, na amekuwa kwenye kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Sehemu kubwa ya karo yangu ya chuo kikuu ilitoka kwenye kiti cha mashine. Basi miaka michache iliyopita alikuwa kwenye machimbo ya mawe upande wa Juja, akiendesha mashine ya mtu mwingine kwa malipo ya siku. Mvua za Aprili zilikuwa zimepamba moto. Asubuhi moja ndoo ikakataa kukunja. Pini inayoshika ndoo kwenye mkono ilikuwa imekwama ndani ya bushi yake.

Mwenye mashine alikuja, akatazama, akauliza swali moja tu: "Ulipaka grisi?"

Mjomba akasema alipaka. Hakuaminiwa. Gharama ya matengenezo ikakatwa kwenye malipo yake, akafanya kazi wiki tatu bila kuleta kitu nyumbani.

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja siku hiyo ni kwamba mwezi mmoja kabla, bushi ya chuma iliyolika ilikuwa imetolewa, na fundi mmoja akakereza nyingine kutoka kwenye kipande cha nailoni nyeusi. Bei ilikuwa nafuu, na mwenye mashine alifurahi. Fundi aliisifu bidhaa yake kwa maneno haya: "Hii ni ya kisasa, haitaki grisi." Mimi wakati huo sikujua lolote kuhusu bushi. Lakini jambo hili lilinikaa rohoni, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na swali la msingi: grisi ni ya nini?

Ukiunganisha vyuma viwili ili kimoja kizunguke, unapitisha pini ndani ya tundu. Katikati unaweka bushi, yaani bomba fupi ambalo kazi yake ni kulika badala ya vile vyuma vya bei ghali. Bila kilainishi, chuma kwa chuma hugusana kwenye vilele vidogo visivyoonekana kwa macho, vilele hivyo hushikana, hung'oka, na bushi huanza kujitafuna. Grisi hukaa katikati na kuvitenganisha.

Mwaka 1839 mambo mawili yalitokea Marekani, na ni sadfa ninayoipenda. William Otis alipata hataza ya mashine ya kuchimba udongo kwa nguvu ya mvuke, ambayo ni babu wa eskaveta zote. Mwaka huo huo Isaac Babbitt akapata hataza ya beringi zilizopakwa ndani madini laini yenye bati nyingi. Yaani mashine ya kuchimba na dawa ya msuguano zilizaliwa pamoja. Otis mwenyewe alifariki mwaka huo huo, akiwa bado kijana.

Lakini kulikuwa na watu walioshuku mapema kwamba mafuta si lazima. John Harrison, fundi seremala wa Uingereza ambaye baadaye alisifika kwa saa zake za baharini, alitengeneza saa ya mnara huko Brocklesby Park karibu mwaka 1722 kwa mbao. Mafuta ya siku hizo yaliganda na kuchafuka, yakaharibu saa. Kwa hiyo sehemu zinazosuguana alizitengeneza kwa lignum vitae, mti wa visiwa vya Karibi ambao ni mzito hadi unazama majini, na ambao una utomvu wenye mafuta ndani yake. Kilainishi kilikuwa ndani ya mti wenyewe. Hakuna wa kusahau kukiweka.

Mwaka 1854 mti huo ukaokoa meli. Meli za rafadha zilikuwa zinatafuna beringi za shaba kwa kasi ya kutisha pale shafti inapotokea nyuma ya meli kuingia baharini. John Penn, akifanya kazi na Francis Pettit Smith, akaweka vipande vya lignum vitae ndani ya beringi na kuyaacha maji ya bahari yapite katikati. Tatizo likaisha. Mbao zikashinda shaba! Beringi za mti huo zilitumika melini kwa zaidi ya karne moja, na hata kwenye mitambo ya umeme wa maji.

Kwa nini basi dunia haikuachana na mafuta hapo hapo? Kwa sababu mafuta yana uwezo ambao mti hauna, na aliyeugundua aliugundua kwa bahati.

Mwaka 1883 mhandisi Beauchamp Tower alikuwa Uingereza akipima msuguano wa beringi za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha mafuta. Mashine ilipozunguka, mafuta yakaanza kupanda kupitia tundu lile na kumwagika. Akaliziba kwa kizibo, kikaruka. Akapigilia kigingi cha mbao, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga kipima shinikizo akaona kwamba mafuta yalikuwa na shinikizo kubwa ajabu. Shafti ilikuwa haigusi beringi kabisa, inaelea juu ya utando wa mafuta! Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaandika hesabu zinazoeleza jambo hilo, na wahandisi wanazitumia hadi sasa.

Hapa ndipo penye siri ya makala hii yote, kwa hiyo soma polepole. Utando ule wa Tower hutengenezwa na mwendo. Shafti ikizunguka kwa kasi huvuta mafuta chini yake na kupanda juu yake. Ni vizuri sana kwa injini ya gari. Lakini pini ya ndoo ya eskaveta haizunguki. Inakwenda robo mzunguko, inasimama, inarudi, tena polepole, ikiwa imebeba tani kadhaa. Utando haupati nafasi ya kujengeka. Kwa hiyo grisi kwenye tingatinga haifanyi ile kazi nzuri ambayo mafuta hufanya kwenye injini. Inapunguza makali tu, inasukumwa nje, inaoshwa na maji, na lazima irudishwe. Ndiyo maana vitabu vya mashine hizi huagiza viungo vya ndoo vipakwe grisi hata kila baada ya saa 10 za kazi ikiwa mahali ni pa matope. Yaani kila siku.

Mwaka 1929 Oscar Zerk, mzaliwa wa Vienna, alipata hataza Marekani ya ile chuchu ndogo ya chuma ambayo mafundi hufungia pampu ya grisi. Ilirahisisha kazi, lakini haikuiondoa. Bado alihitajika mtu, asubuhi, kabla jua halijapanda, atambae chini ya mkono wa mashine na kuhesabu chuchu moja moja. Akisahau moja, hakuna atakayejua hadi pini ikwame. Na ikikwama, wa kulaumiwa ni yeye.

Wenzangu waandishi wa programu wataelewa. Katika lugha kama C, wewe ndiye unayeomba nafasi kwenye kumbukumbu ya tarakilishi, na wewe ndiye unayepaswa kuirudisha. Ukisahau mara moja, programu inavuja kimya kimya hadi ianguke saa nane usiku. Mwaka 1959 John McCarthy, akitengeneza lugha ya Lisp, alikuja na wazo kwamba mashine yenyewe ikusanye takataka zake. Hakumfundisha mtu kukumbuka zaidi. Alihamisha kazi ya kukumbuka kutoka kichwani mwa mtu hadi ndani ya mfumo. Beringi za kujilainisha ni wazo hilo hilo, ila lina matope.

Haya, tuingie kwenye plastiki.

Nailoni ilizaliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, kwenye timu ya Wallace Carothers. Carothers aliaga dunia mwaka 1937 kabla haijauzwa. Dunia iliifahamu kama soksi za kina mama mwaka 1940, lakini wahandisi waliona kitu kingine: inateleza vizuri, ni nyepesi, haipati kutu.

Ndugu yake alipatikana kwa ajali. Tarehe 6 Aprili 1938, Roy Plunkett, kijana wa miaka 27 katika DuPont, alikuwa akitafuta gesi mpya za majokofu. Alifungua mtungi uliopaswa kuwa umejaa gesi, hakikutoka kitu. Lakini uzito wake ulionyesha kwamba haukuwa mtupu. Badala ya kuutupa, yeye na msaidizi wake waliukata kwa msumeno, wakakuta unga mweupe unaoteleza. Gesi ilikuwa imejiunganisha yenyewe ikawa plastiki. Jina lake la kitaalamu kwa kifupi ni PTFE, na mwaka 1945 ikasajiliwa kwa jina la Teflon. Kabla ya kufika kwenye sufuria zetu ilikuwa imetumika kwa siri katika mradi wa bomu la atomiki, kwa sababu ilivumilia gesi kali ya urani iliyokuwa ikila kila kitu kingine.

Kwa beringi, PTFE ina tabia ya ajabu. Chuma kikipita juu yake, huacha utando mwembamba sana ukiwa umenata kwenye chuma. Baada ya hapo plastiki haisuguani tena na chuma, inasuguana na plastiki mwenzake. Inajipaka yenyewe! Tatizo ni kwamba ikiwa peke yake ni laini kama nta. Ukiibebesha mzigo inatiririka pembeni, inalika upesi, na haipitishi joto, kwa hiyo inajipika yenyewe.

Jibu lilikuwa ni kuipa mifupa. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Glacier Metal ya Uingereza ilitengeneza bushi iliyoitwa DU. Nje ni chuma cha pua cha kawaida cha kubeba nguvu, juu yake tabaka la punje za shaba nyeusi lenye unene wa karibu robo milimita na vitundu kama sifongo, na ndani ya vitundu hivyo imejazwa PTFE iliyochanganywa na risasi. Chuma hubeba mzigo, shaba huondoa joto, plastiki huteleza. Kila mmoja anafanya anachokiweza. Bushi za aina hii huweza kubeba newtoni 140 kwa kila milimita mraba zikiwa kwenye mwendo wa polepole, mzigo ambao PTFE tupu isingeuota.

Wakati huo huo mashine za ujenzi zilikuwa zinabadilika. Zamani mikono yake ilivutwa kwa kamba za chuma. Mwaka 1951 Poclain ya Ufaransa ilitoa mashine ya kuchimba ya haidroliki, mwaka 1953 JCB ya Uingereza ikatoa tingatinga la kuchimba kwa nyuma, na mwaka 1954 Demag ya Ujerumani ikatoa eskaveta ya haidroliki inayozunguka duara zima. Haidroliki ilileta nguvu, lakini pia ilileta viungo. Kila silinda ina pini huku na pini kule. Kila pini ina bushi, na kila bushi inadai grisi.

Mwaka 1966 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya kamati ya Peter Jost, ambayo ndiyo iliyolipa somo hili jina la tribolojia, kutoka neno la Kigiriki la kusugua. Jost alikadiria kwamba Uingereza ingeweza kuokoa pauni milioni 515 kila mwaka kwa kushughulikia msuguano, kulika na ulainishaji ipasavyo. Wanasiasa walishtuka. Opareta wa mashine, nadhani, wasingeshtuka.

Kisha ikaja hatua ya kuachana na chuma kabisa. Mwaka 1964 Günter Blase alianzisha kampuni ya igus katika gereji huko Köln, Ujerumani, na kuanzia miaka ya 1980 ikajulikana kwa bushi za plastiki tupu. Katika bushi hizo plastiki ya msingi huzuia kulika, nyuzi zilizochanganywa ndani yake hubeba mzigo, na vilainishi vigumu vimetawanywa kila mahali kama zabibu kavu ndani ya mkate. Bushi ikilika kidogo, kilainishi kipya kinajitokeza. Kwa mizigo mikubwa zaidi kuna bushi zinazosokotwa: nyuzi za kioo zilizolowekwa gundi ngumu huzungushwa kwenye mhimili kama uzi kwenye kigurudumu, na upande wa ndani hufumwa nyuzi zinazoteleza. Hizo ndizo zinazowekwa kwenye viungo vya kreni na mashine za ujenzi. Na mkono wa kreni unaorefuka kama darubini mara nyingi huteleza juu ya vibao vya nailoni.

Sababu nyingine iliyosukuma mambo haya ni mazingira. Grisi inayotoka kwenye kiungo huenda mahali fulani, na mahali hapo mara nyingi ni udongoni au mtoni. Katika miaka ya 1990 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilifanya majaribio ya bushi zisizo na grisi kwa ajili ya mitambo ya umeme wa maji, sababu moja ikiwa ni kuzuia grisi isiingie mitoni.

Ila msidhani plastiki ni malaika. Kemikali moja iliyotumika kutengeneza PTFE, iitwayo PFOA, ilichafua maji karibu na kiwanda cha Parkersburg, Marekani. Mwaka 2017 DuPont na Chemours zilikubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi zaidi ya 3,500 za watu wa huko. Risasi iliyokuwa kwenye bushi za DU nayo ilikuja kubanwa na sheria za Ulaya za miaka ya 2000. Na mwaka 2023 nchi 5 za Ulaya zilipendekeza kuzuia familia nzima ya kemikali hizo, PTFE ikiwemo, kwa hiyo watengenezaji wanatafuta bushi zisizo na PTFE. Grisi tuliyoiona kwa macho, ikatuchafua mikono. Uchafu huu mwingine hauonekani, na waliolipa bei yake kwanza hawakuwa wamiliki wa viwanda.

Sasa turudi Juja.

Nilipofika hapa katika kusoma ndipo nilipoelewa kilichompata mjomba. Nailoni ya kawaida hunywa maji na kuvimba. Ile bushi nyeusi ilikerezwa ikabane vizuri wakati wa jua, haikuachiwa nafasi ya kuvimba. Mvua ilipokuja, ikaikaba pini. Tena mzigo wenyewe haikuuweza. Hesabu ni rahisi, ifanye na wewe: chukua nguvu, gawanya kwa kipenyo cha pini mara urefu wa bushi. Pini ya milimita 50 na bushi ya milimita 60 ni milimita mraba 3,000. Ukiibebesha tani 9, unapata karibu newtoni 30 kwa kila milimita mraba, sawa na kilo 300 hivi juu ya eneo la ukucha. Na hapo mwamba haujagongwa. Bushi ya nyuzi zilizosokotwa ingeona huo ni mzigo wa kawaida. Nailoni tupu inaanza kubonyea. Mjomba angepaka grisi mara kumi kwa siku, pini ingekwama vile vile.

Fundi hakudanganya kwa makusudi. Alisikia kwamba plastiki haitaki grisi, akadhani plastiki ni moja. Ni kama mtu aliyesikia kwamba lugha fulani inajikusanyia takataka, akadhani hahitaji tena kufikiri kuhusu kumbukumbu. Miaka 300 ya Harrison, Penn, Tower na Plunkett haikuondoa kazi ya kulainisha. Iliihamisha kutoka mkononi mwa opareta hadi mezani kwa mhandisi. Ukinunua plastiki bila ile kazi ya mezani, kazi haijafanywa na mtu yeyote, lakini lawama itabaki palepale ilipokuwa, kwa aliyeshika pampu.

Nilimweleza mjomba haya yote tukinywa chai. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Sawa mpwa wangu, lakini zile wiki tatu hazirudi." Kweli hazikurudi.

Mwaka jana yeye na wenzake wawili walichanga pesa wakanunua tingatinga dogo kuukuu. Swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa: "Wewe uliyesoma, niweke plastiki au chuma?" Nikamwambia viungo vya ndoo, vinavyozama kwenye mchanga kila siku, aviachie chuma na grisi, maana huko grisi mpya inasukuma uchafu nje, kazi ambayo bushi kavu haiwezi. Vile viungo vya juu na vya ndani, ambavyo mtu husahau kwa sababu havifikiki, aweke bushi halisi za nyuzi zenye sili nzuri, na apime kulika kwake kila mwezi, kwa sababu bushi isiyoomba grisi haitapiga kelele kabla ya kuisha.

Pia nilimwandikia programu ndogo ya simu. Haina maajabu, msinicheke. Ina orodha ya viungo vyote. Asubuhi kijana wao aliyeajiriwa kuendesha anapaka grisi, anabonyeza kiungo, anapiga picha, na saa inaandikwa. Siku pini ikikwama na mtu akauliza "Ulipaka grisi?", kijana yule atakuwa na jibu.

Kwa leo niishie hapa. Kama unafanya kazi na mashine hizi na umewahi kuona bushi za plastiki zikidumu au zikifa, niandikie hapo chini, ningependa sana kusikia. Tuonane wakati mwingine.